Sauti Niliyomtumia Promota

Msanii asiye na lebo hapungukiwi na watu wa kumtakia mema. Ukipandisha wimbo mtandaoni asubuhi, kabla hujanywa chai wameshafika. "Hongera dada, wimbo mkali sana, tunaweza kuusukuma." Mmoja ana ukurasa wenye wafuasi wengi kuliko watu wa mkoa mzima. Mwingine atakuingiza redioni, mwingine atawapa wimbo wako wachezaji wa Dar es Salaam, na wote hao, kwa bahati ya ajabu, wana ofa inayoisha leo. Nilikuwa nawasoma kwa sauti saluni huku nasuka, wateja wanacheka mpaka vichwa vinacheza, nami nawakemea wakae sawa. Siku hizi sicheki. Simu ikilia kwa namba nisiyoijua, naiacha ilie mpaka ichoke.

Nasuka nywele Tabora mjini, kwenye kibanda chenye kioo kilichopasuka pembeni. Nikipata nafasi naimba. Narekodi kwa prodyuza mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, hapahapa mjini, ndani ya chumba alichokibandika magodoro ukutani mpaka ukiingia mchana unataka kusinzia, na malipo yangu mara nyingi ni kumsuka mkewe. Nayasema haya kwa sababu watu wakisikia yaliyonipata wanaguna na kusema, tamaa. Haikuwa tamaa. Ningekuwa na tamaa ningeolewa na yule mzee wa malori aliyenichumbia, na leo ningekuwa nasukwa badala ya kusuka.

Promota huyu hakuja na sifa. Alipiga simu, akaongea taratibu kwa Kiswahili cha Dar, sauti ya mtu aliyeshiba na asiye na haraka. "Muziki wenyewe ni wa kawaida," alisema. "Lakini sauti ipo." Nilinuna, kisha nikamwamini. Nilijiambia kwamba mtu anayetaka kukuibia haanzi kwa kukukosoa. Alitaja ada yake, nikailipa kwa simu kama ninavyolipa umeme. Halafu akasema jambo ambalo wale wengine wote hawakuwahi kulisema.

"Hiyo ada ni ya kufungulia tu, dada. Kinachofanya kazi ni wewe mwenyewe. Nitumie sauti yako kavu, bila muziki. Halafu unirekodie ukiongea, kwa kirefu, maisha yako yote. Bila hivyo siwezi kukuvutia watu."

Kuvutia watu. Maneno hayo yalinirudisha utotoni, kwa baba yangu, ambaye alishafariki zamani.

Baba alikuwa manju, yule anayetunga na kuongoza nyimbo za ngoma, upande wa Puge kule Nzega. Baada ya mavuno vikundi viwili huwekwa kwenye uwanja mmoja, kila kimoja na ngoma zake, vinapiga kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watu wenyewe ndio waamuzi: wanakokimbilia ndiko kwenye ushindi, na manju anayeachwa na watu katikati ya wimbo hawezi kuonekana kilabuni msimu mzima. Kwa hiyo kila manju alikuwa na fundi wake wa mvuto, yaani mganga wake. Fundi wa baba alidai fulana aliyoilowanisha jasho, halafu akampa kibuyu. Baba alikiweka mdomoni akaimba ndani yake wimbo wote, kwa sauti ya chini, kama anamnong'oneza mtoto. Alipomaliza fundi akakiziba kwa nta. Mama, ambaye ni Mmoraviani wa kweli, alikuwa akienda nyuma ya nyumba na kuimba tenzi kwa nguvu ili asiyasikie mambo hayo. Mimi nilichungulia. Na baba aliniambia kwamba fundi anayetaka pesa peke yake ni tapeli, lakini akikuomba jasho na sauti, huyo anafanya kazi.

Mtu wa Dar asingeelewa kwa nini nilimwamini promota kwa sababu ileile ambayo ingemfanya yeye akimbie. Siamini vibuyu. Naimba kwaya, nabeba Biblia Jumapili. Lakini alipoomba sauti yangu, wasiwasi wote ukanitoka. Nikaona nimempata fundi.

Prodyuza alikataa mwanzoni. "Akapela? Dada yangu, akapela hagawiwi mtu. Ni sawa na kumwachia mtu nguo yako ya ndani."

"Wewe tuma, bwana. Nguo ni zangu."

Akatuma. Na mimi, asubuhi kabla ya kufungua saluni, nikawa nakaa kwenye kiti cha wateja na kurekodi. Promota alikuwa na maelekezo mengi. Cheka kidogo. Ongea kama una huzuni. Ongea kama umechoka. Msalimie mama yako kama unavyomsalimia mkiwa wawili tu. Nikamsalimia kwa Kinyamwezi, "Mwadila mayo," halafu nikaendelea kumweleza habari zake. Kwamba presha ya macho ilimpofusha. Kwamba anaishi na kaka yangu na wifi yangu kijijini, mbele ya Sikonge, kwenye nyuki na tumbaku. Kwamba anaimba akikoroga ugali, na nikisikia mwiko wa mtu yeyote unagonga sufuria, kifua kinanibana. Kwamba nimekaa sana bila kwenda. Nilikuwa naongea na simu, si na mtu, ndiyo maana yalitoka.

"Safi sana," alijibu. "Hapo umegusa." Akaomba na namba ya nyumbani, kwa kuwa watangazaji, alisema, wanapenda kumpigia mzazi wa msanii hewani. Mama hana simu. Nikatoa ya wifi.

Watu walikuja. Wimbo uliokuwa unasikilizwa na wateja wangu na binamu zangu ukaanza kupanda kila nikichungulia, na saluni tukapiga vigelegele. Kisha nikaanza kuwaangalia hao watu. Majina yao yalikuwa herufi na tarakimu, kama namba za pikipiki. Wote waliandika maneno yaleyale, na koma palepale. Walikuja pamoja na kuondoka pamoja. Hakuna aliyeuliza mimi ni wa wapi. Hakuna hata aliyenitukana, na mtandaoni msanii asipotukanwa ajue hajasikilizwa. Nikakumbuka hadithi ya baba kuhusu manju mmoja aliyevutia umati mkubwa, akacheza kwa furaha mpaka alipotazama chini na kuona umati ule hautimui vumbi. Manju yule aliacha ngoma palepale akakimbia. Utotoni hadithi hiyo ilinifanya nishindwe kwenda chooni peke yangu. Sasa nilikuwa mtu mzima, mchana kweupe, nimeshika simu, na vinyweleo vimesimama.

Siku chache baadaye, nikiwa nimemshika mteja kichwa, nusu kimesukwa na nusu bado, ukaingia ujumbe wa sauti wa promota. "Sikiliza tangazo lako." Nikaufungua kwa spika ili wote wasikie.

Ilikuwa sauti yangu. Iliwasalimia wapenzi wote wa Tabora, ikacheka kile kicheko changu cha puani, ikashuka kidogo kama ninavyoshuka nikitaka kusema siri, kisha ikawaeleza kinamama kuhusu dawa ya kuwarudishia nguvu waume zao. Saluni nzima ikaangua kicheko. Mteja wangu akapiga mapaja.

"Makubwa! Umeyasema lini haya, dada?"

"Sijayasema."

"Si wewe huyu?"

"Ni mimi. Lakini sijayasema."

Kicheko kikaisha kimoja kimoja. Mteja akageuka kunitazama, na mimi nilikuwa bado nimeshika nywele zake. Nilijua kila neno nililomtumia yule mtu. Nguvu za waume hazikuwemo.

Nikatoka nje nikampigia. Hakuwa na wasiwasi wowote.

"Ni teknolojia, dada. Sauti yako sasa inaweza kufanya kazi wewe ukiwa umelala."

"Ifute."

"Haifutwi hivihivi. Kuna hatua ya pili ya malipo. Ukilipia, inakuwa ya kwako. Usipolipia inabaki kwangu, na mimi nina matumizi nayo."

Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Nilimtolea uvivu. Nilimpa yeye, nikampa na waliomzaa, na nilikuwa nimefika pazuri kabisa niliposhtuka kwamba naye ananisikiliza tu, kimya, hakatizi. Nikaelewa. Alikuwa anarekodi. Nilikuwa nampa sauti yangu ya hasira, ile ambayo alikuwa hajaipata. Nikanyamaza katikati ya tusi, mdomo wazi, na nikasikia pumzi yake, kama mtu anayesubiri kikombe kijae.

Akakata. Kuanzia hapo namba yake haikupatikana tena.

Kila baada ya mashindano, kabla ya kurudi nyumbani, baba alipitia kwa fundi. Kibuyu kilizibuliwa mbele ya macho yake, kikamwagwa, na fulana akarudishiwa. Ashinde au ashindwe, hakuwahi kuacha. Mimi ningepitia kwa nani? Sikulijua jina lake la kweli, wala sura yake, wala kama Dar yenyewe yuko. Nilikwenda kutoa taarifa polisi, wakanisikiliza vizuri na kuandika, wakaniambia niendelee kuwa mwangalifu. Mwangalifu kwa lipi? Nilianza kusuka kimya. Wateja wakadhani nimefiwa. Muuza vocha aliniuliza kiasi gani, nikaonyesha kwa vidole.

Na nilichoogopa zaidi hakikuwa dawa za nguvu za kiume. Mama yangu haoni. Uso wangu aliuona mara ya mwisho nikiwa bado sijaota mvi hata moja. Tangu hapo ananijua kwa masikio. Nikiwa nje ya uzio nikasema neno moja tu, anajua ni mimi, anajua nimekula au sijala, nimeachwa au bado. Mtu mwingine akipoteza sauti yake amepoteza wimbo. Mimi nilikuwa nimempa mgeni njia pekee ambayo mama yangu ananifahamu.

Nikasema nitampigia wifi nimtahadharishe. Lakini utaanzia wapi kumweleza mtu wa kijijini kwamba kuna sauti yako inatembea bila wewe? Nilipanga maneno, nikayapangua. Mchana niliojikaza na kupiga, nilikuwa nimechelewa.

"Haloo wifi, hamjambo huko?"

Nikamsikia akimwambia mtu pembeni, "Ndio hawa. Wamepiga kama alivyosema."

"Wifi, ni mimi."

"Mungu anakuona," akasema. "Mwache mgonjwa wetu apone."

Nilimbembeleza, nikamfokea, nikambembeleza tena, ndipo nikaelewa kidogo kidogo. Tangu jana yake sauti yangu ilikuwa imefika kwenye simu yake kwa namba ngeni, ujumbe baada ya ujumbe. Nilikuwa nimepata ajali nikienda Dar kuhojiwa redioni. Nilikuwa hospitali, nimevunjika mguu. Simu yangu ilikuwa imeibiwa, na walioiiba ni watu wabaya wanaojua kuiga sauti. Watu hao wakipiga kwa namba yangu ya zamani wakijifanya ni mimi, nyumbani wasiwasikilize hata kidogo. Kaka atume chochote alichonacho kwa namba hii mpya. Na kaka, masikini, alikuwa ameshauza asali yote waliyoiweka kusubiri bei nzuri, akatuma. Sasa alikuwa ametoka kutafuta mnunuzi wa baiskeli.

Nilikaa chini, kwenye nywele za wateja, sakafuni. Mwizi alikuwa ametangulia nyumbani kwetu na kufunga mlango kwa ndani, na ufunguo aliotumia ulikuwa koo langu.

"Nipe mama," nikasema.

Nikasikia simu ikipita mkono kwa mkono. Nikasema, "Mwadila mayo." Hakuitika. Katika maisha yangu yote sijawahi kumsalimia mama asiitike. Aliongea kwa heshima, kama mtu anayeongea na kitu asichotaka kukichokoza.

"Mwanangu yuko hospitali, Dar es Salaam, ameumia. Wewe uliyechukua mdomo wake, sikujui. Naomba utuache."

Simu ikakatwa. Nikapiga ya video. Mtandao wa kule ni wa kuombea; picha yangu iliwafikia imeganda, jicho moja limefumba, na wifi akasema hiyo ni picha tu, hata wezi wanazo picha. Baada ya hapo wakaizima kabisa.

Nikafunga saluni na kukimbilia basi la Sikonge. Njia nzima sikutamka neno. Jirani yangu kwenye kiti aliniuliza habari za mjini, nikatabasamu. Alikuwa mama wa heshima na kapu lake, lakini mapajani ana simu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuziona simu zote ni masikio. Sikonge nikapanda bodaboda. Kijana aliponiuliza naenda wapi nikamwandikia kwenye simu yangu na kumwonyesha. Akadhani mimi ni bubu, kwa hiyo akaanza kunipigia kelele kwa huruma, "MAMA SHIKA VIZURI, HAPA KUNA MCHANGA," na hivyo ndivyo tulivyopita miombo yote, yeye anapiga kelele na mimi nalia mgongoni kwake. Mizinga ilining'inia juu ya miti. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, kwamba nikifika mama aitike.

Nilimkuta uani, kwenye mkeka, anabangua karanga. Alikuwa amekonda shingo. Nikasahau yote. Nikasema, kama nilivyosema miaka yote, "Hodi mayo, mwadila."

Mama akaruka. Ungo ukamwagika. Akasota nyuma kwa makalio mpaka akagonga ukuta, mikono mbele, na akaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Njooni! Wamekuja mpaka hapa! Wamekuja na sauti yake!"

Mama yangu alikuwa ananiogopa mimi. Nimeogopa vitu vingi maishani, lakini hakuna kilichonikausha damu kama kuviona vile vidole vyake wazi, vinanizuia.

Kaka akatokea nyuma ya nyumba na mpini wa jembe ameunyanyua. Akaniona. Akanitazama uso, akanitazama miguu, wa kulia, wa kushoto, akautazama tena wa kulia.

"Wewe si uko Dar?"

"Sijawahi kufika Dar mwaka huu, kaka."

Mpini ukaanguka. Wifi alitoka jikoni, akashika kichwa, akaanza kulia na kucheka na kuomba radhi vyote kwa pamoja. Nikawaeleza palepale nikiwa nimesimama: promota, akapela, maelekezo, dawa ya wanaume. Kaka akachuchumaa akashika tama. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama asali ile inaweza kurudi, nikamwambia sidhani, akatikisa kichwa.

"Nani huyo mnayeongea naye?" mama akauliza kutoka ukutani.

"Ni yeye, mama," kaka akajibu. "Ni mwenyewe kabisa."

"Mmemwona kwa macho?"

"Tumemwona."

"Na mimi nimemsikia kwa masikio. Tangu jana yuko Dar, amevunjika mguu. Nyinyi macho yenu yanawaambia huyu. Mimi masikio yangu yananiambia yule. Sasa nimwamini nani?"

Nilitaka kusema, ni mimi mama, lakini nilipovuta pumzi tu akasikia, akatikisa mkono. "Anyamaze. Akisema nachanganyikiwa. Aje hapa, asiseme kitu."

Nikapiga magoti mbele yake. Mikono yake ilikuwa na unga wa maganda ya karanga. Akanishika paji la uso, masikio, akaingiza vidole kwenye nywele mpaka kwenye ngozi, akanusa shingo yangu. Akashuka miguuni, akaubana mmoja, akaubana mwingine, kwa nguvu, kama anayetafuta mahali pa kuvunjika na asiyetaka kuamini kwamba hapapo. Nililia bila kutoa sauti. Nilikuwa naogopa hata kwikwi.

"Ni mtoto wangu," akasema mwishowe, akashusha pumzi. Lakini akaweka kiganja juu ya mdomo wangu. "Asiseme kwanza."

Nikala kwetu kama mgeni asiyejua lugha. Wifi alipika ugali na nsansa, yale majani makavu yaliyoungwa karanga, na kila mtu akawa anaongea na mimi kwa upole kama mgonjwa, nami najibu kwa kichwa. Mama alikaa ameegemea bega langu. Kila mara aligusa mguu wangu kuhakikisha. Nikadhani hofu yake inapungua. Vyombo vilipotolewa, akasema, "Mkwe wangu, niwekee ile."

Wifi akanitazama. "Mama, ile ni ya wezi."

"Najua. Niwekee."

Wifi akaitafuta kwenye simu, akaiwasha, akaiweka kwenye mkeka katikati yetu. Nikaisikia.

"Mama," sauti yangu ikasema, "nimekaa sana bila kuja, nisamehe. Nikisikia mwiko wa mtu yeyote unagonga sufuria, kifua kinanibana, nakusikia wewe unavyoimba. Sina mtu mwingine kama wewe, mama. Nikikukosa wewe sina pa kurudi."

Hapo wifi akaikata, kabla ya ajali na namba ya kutuma. Alijua pa kuikatia. Walikuwa wameisikiliza hivyo tangu jana.

"Rudisha," mama akasema.

Akairudisha. Uso wa mama ulikuwa umelegea, umeelekea ile simu kama mtu anayeota moto. Nilishikwa na wivu, wivu wa kipumbavu, wa kumwonea mtu ambaye hayupo. Mimi ndiye niliyepanda basi. Mimi huwa napiga simu naanza na lawama: mmekula nini, dawa ya macho mmeitia, kwa nini hamkuniambia. Sauti ile haikuwa na lawama hata moja.

"Hayo maneno aliyatoa wapi?" mama akauliza. Akanigusa goti. "Sema."

"Ni ya kwangu," nikasema. Sauti yangu ikanishtua mwenyewe. "Nilimwambia yule promota. Aliniuliza habari zako."

"Ukamwambia yeye."

"Ndiyo, mama."

"Mimi hujawahi kuniambia."

"Sijawahi."

Nje kaka alikuwa anawafukuza kuku kwenye karanga zilizomwagika.

"Basi niambie na mimi," mama akasema. "Yaleyale. Nikusikie wewe unayasemaje."

Nikaupata mkono wake nikaushika. Nikaanza. Nikasema nimekaa sana bila kuja, anisamehe. Nikasema habari ya mwiko na sufuria. Nilikuwa namaanisha kila neno, sijawahi kumaanisha kitu namna ile, na huku nasema nikasikia kwamba nashusha sauti palepale ilipoishusha, navuta pumzi palepale. Nikajaribu kusema tofauti, nikawa kama naigiza. Nikarudi kwenye namna yangu, na namna yangu ilikuwa ile. Mama aliinamisha kichwa akanisikiliza mpaka mwisho, mpaka kwenye sina pa kurudi. Alipoona nimenyamaza alisubiri kidogo, kama kuna mtu mwingine bado hajamaliza.

Kisha akaanza kupapasa kuutafuta mkono wangu, na alikuwa ameushika tayari.

"Hakuna tofauti, mwanangu," akasema. "Ni yaleyale. Sasa ukirudi mjini ukanipigia, nitajuaje?"

Sikumjibu. Jibu lolote ningelitoa kwa sauti ileile.